Kumpata Mlezi wa Kitaaluma na Kumtumia Vyema: Mwongozo kwa Madaktari Chipukizi wa Radiolojia

Daktari anayesomea ubingwa wa radiolojia, tawi la tiba linalofasiri picha za ndani ya mwili, hulindwa na sahihi ya mtu mwingine. Anasoma picha na kuandika ripoti, kisha bingwa aliye juu yake huipitia kabla haijamfikia daktari aliyeiomba. Ulinzi huo huondoka kwa siku moja: siku anapopata ubingwa ndiyo siku ripoti inapoanza kutoka kwa jina lake peke yake, na mara nyingi tangu hapo hakuna tena mtu mwenye wajibu wa kumwambia kwamba ripoti ya jana ilikuwa na kasoro. Mwongozo huu unawahusu walio mwaka wa mwisho wa mafunzo na walio katika miaka mitano hivi ya mwanzo ya kazi. Msimamo wake ni kwamba ulezi wa kitaaluma wenye manufaa katika radiolojia hujengwa juu ya picha na ripoti zilizokwisha kuandikwa, wala si juu ya mazungumzo ya jumla kuhusu mafanikio. Mlezi ambaye hajawahi kuona ripoti zako anaweza kukupenda na kukutia moyo, lakini hana cha kukushauri zaidi ya yale ambayo angemwambia mtu yeyote.

Hatua ya kwanza: andika unachohitaji kabla ya kumtafuta mtu

Mahitaji ya daktari chipukizi yamo katika mafungu manne: jicho, yaani uwezo wa kuona na kufasiri, uamuzi kuhusu njia ya kazi, kama vile ubingwa bobezi na mahali pa kuajiriwa, utafiti na uandishi, na mambo ya kibinadamu, ambayo ni uchovu, makosa, na uhusiano na madaktari wa idara nyingine. Andika sentensi moja kwa kila fungu, na uiandike kwa namna ambayo mtu mwingine akiisoma atajua la kufanya. "Nataka kuwa bora katika MRI", yaani picha zinazopigwa kwa sumaku, ni sentensi isiyomsaidia mtu. "Ninasoma MRI za goti bila shida, lakini ripoti zangu za bega hupingwa na wapasuaji wa mifupa, hasa kuhusu michaniko ya sehemu tu ya kano" ni sentensi ambayo mlezi anaweza kuanza nayo kazi kesho yake.

Fungu lisilo na sentensi liache tupu. Si kila daktari anahitaji mlezi wa utafiti katika mwaka wa kwanza wa kazi, na kumtafuta kwa sababu tu wenzako wanaye ni kupoteza muda wa watu wawili.

Hatua ya pili: tafuta watu kadhaa, si mtu mmoja

Wazo la mlezi mmoja anayejua yote linavutia, ila ni nadra litimie. Bingwa mwenye jicho kali kuliko wote katika idara anaweza kuwa hajaomba kazi mpya kwa miaka ishirini, na ushauri wake kuhusu mikataba ukawa umepitwa na wakati. Tenganisha pia kazi tatu ambazo watu huzichanganya. Mlezi hukusaidia kufikiri kuhusu njia yako kwa muda mrefu. Mkufunzi hukunoa katika ujuzi mmoja kwa muda mfupi. Mdhamini hutaja jina lako katika vikao ambavyo wewe hujaalikwa. Mtu mmoja anaweza kuzifanya zote tatu, lakini usimlaumu mlezi mzuri kwa kutokuwa mdhamini.

Katika kuchagua, angalia mambo mawili kuliko cheo. La kwanza ni namna mtu huyo anavyozungumza juu ya ripoti ya mwenzake iliyokosea. Anayecheka au kutaja jina la aliyekosea mbele ya watu atafanya vivyo hivyo kwako, nawe utaanza kumficha makosa yako, na hapo ulezi utakuwa umekwisha hata kama mikutano inaendelea. La pili ni hali ya waliowahi kulelewa naye: je, wana kazi zao wenyewe na mawazo yao wenyewe, au wamebaki kuwa vivuli vyake?

Mkuu wa idara anayeandika tathmini yako ya mwaka hafai kuwa mlezi wako wa pekee, hata awe mwema kiasi gani, kwa kuwa yapo mambo ambayo hutamwambia na ambayo kwa haki hupaswi kulazimika kumwambia. Ongeza mwenzako aliyekutangulia kwa miaka miwili au mitatu, ambaye bado anakumbuka yale yanayokusumbua. Ongeza pia mtu mmoja asiye daktari wa radiolojia. Mpasuaji anayesoma ripoti zako kila wiki atakuambia ni sentensi zipi anaziruka, na mtaalamu wa mionzi mwenye uzoefu, yule anayezipiga picha zenyewe, atakufundisha mambo ya ubora wa picha ambayo madaktari wengi hawayajui, na wanaona haya kuuliza.

Ikiwa unafanya kazi mahali ambapo wewe ndiye bingwa pekee, ulezi wa mbali unawezekana kabisa. Picha za kitabibu huhifadhiwa kwa muundo wa DICOM, ambao unasomeka kwa mashine na programu za watengenezaji mbalimbali, hivyo watu wawili walio mbali wanaweza kupitia uchunguzi uleule kwa wakati mmoja. Jumuiya za kitaaluma za kitaifa na za kimataifa, kama jumuiya ya radiolojia ya Amerika Kaskazini, RSNA, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1915, na jumuiya ya Ulaya, ESR, hufanya mikutano ambayo ni mahali pazuri pa kukutana na watu wa namna hiyo. Usiende mkutanoni kukusanya anwani. Nenda na kisa kimoja na swali moja.

Hatua ya tatu: omba kwa namna inayojibika

Ombi la "naomba uwe mlezi wangu" humtia mtu hofu ya mzigo usio na mwisho. Omba jambo dogo lenye mipaka, kisha uache uhusiano ukue wenyewe. Ujumbe kama huu unatosha:

"Daktari, nakusalimu kwa heshima. Mimi ni daktari wa radiolojia niliyemaliza ubingwa mwaka huu. Nimekuwa nikifuatilia ripoti zangu za CT (picha za mionzi za vipande vya mwili) ya tumbo na nimeona kwamba ninakosea zaidi katika magonjwa ya kongosho. Naomba dakika arobaini za muda wako mwezi huu ili tupitie visa sita nilivyovichagua. Nikiona kwamba imenifaa, na wewe ukiridhika, nitaomba tukutane tena. Ikiwa nafasi hairuhusu, nitashukuru ukinielekeza kwa mwingine."

Sentensi ya mwisho ina kazi kubwa kuliko inavyoonekana, kwa sababu inampa mtu njia ya heshima ya kukataa, na mara nyingi anayekataa kwa njia hiyo ndiye anayekuunganisha na mtu anayekufaa zaidi.

Hatua ya nne: tunza daftari la ufuatiliaji, nalo liwe ajenda ya mikutano

Hii ndiyo hatua ninayoishikilia kuliko zote, na anayetaka kufuata hatua moja tu ya mwongozo huu afuate hii. Radiolojia ina tatizo ambalo fani nyingi za tiba hazina: daktari huandika ripoti, mgonjwa huondoka, na majibu ya kweli hutokea mahali pengine, katika chumba cha upasuaji, katika maabara ya patholojia, au katika picha ya miezi sita baadaye inayosomwa na mtu mwingine. Usipoyatafuta majibu hayo hayatakufuata, nawe unaweza kukosea jambo lilelile kwa miaka huku ukiamini kwamba uzoefu unaongezeka.

Kila wiki chagua visa vichache ambavyo ulikuwa na shaka navyo, na vichache ambavyo hukuwa na shaka navyo hata kidogo, kwa maana visa vya uhakika ndivyo vyenye mafunzo ya kushangaza zaidi. Andika tarehe, aina ya uchunguzi, swali la daktari aliyeomba, hitimisho lako, na kiwango chako cha uhakika siku hiyo. Acha nafasi ya majibu. Baada ya wiki nne hadi nane rudi kwenye mfumo wa hospitali uangalie kilichotokea. Usiandike jina la mgonjwa wala namba yake katika daftari la binafsi; tumia alama inayokuwezesha kukirudia kisa ndani ya mfumo tu, na uzingatie kanuni za taasisi yako kuhusu kumbukumbu za aina hiyo.

Majibu yakija tofauti na ripoti, weka kosa katika aina yake kabla ya kumpelekea mlezi. Je, ugonjwa ulikuwamo kwenye picha nawe hukuuona? Uliuona ukaupa maana isiyo sahihi? Uliuelewa vizuri lakini ripoti haikueleweka? Au picha yenyewe haikuwa na ubora wa kutosha, nawe hukusema? Kila aina ina dawa yake. Anayeshindwa kuona anahitaji kubadili mpangilio wake wa kupitia picha. Anayefasiri vibaya anahitaji kusoma na kuona visa vingi zaidi. Asiyeeleweka anahitaji kurekebisha lugha.

Kushindwa kuona si uzembe wa watu wachache. Daktari wa radiolojia Leo Henry Garland aliyaandika haya tangu mwaka 1949, alipoonyesha kwamba wasomaji wenye uzoefu walikosa takriban asilimia 30 ya picha za kifua zilizokuwa na kasoro. Mwaka 2013 watafiti waliweka mchoro wa sokwe ndani ya CT ya mapafu, wakawaomba wataalamu 24 wa radiolojia watafute vinundu, yaani vivimbe vidogo. 20 kati yao hawakumwona sokwe, ingawa ukubwa wake ulikuwa mara 48 ya kinundu cha wastani. Walikuwa wakitafuta vinundu, na macho yao yaliona vinundu. Upo pia mtego wa kuridhika mapema, ambapo jicho likipata kasoro ya kwanza, kwa mfano mvunjiko ulio wazi, huacha kutafuta wa pili. Mlezi mwenye busara hatakuambia uongeze umakini, kwa kuwa hilo kila mtu analijua. Atakuuliza unaanzia wapi kwenye picha, unaishia wapi, na nini kilikukatiza siku ile.

Kutana na mlezi kila baada ya wiki nne hadi sita, kwa muda usiozidi saa moja. Mtumie visa siku mbili kabla, vikiwa vimeondolewa utambulisho wote. Kumbuka kwamba katika ultrasaundi na picha zilizochapwa jina la mgonjwa mara nyingi huwa limeandikwa juu ya picha yenyewe, hivyo kufuta taarifa zilizofichwa ndani ya faili hakutoshi. Picha za wagonjwa zisitumwe kupitia mazungumzo ya simu ya kawaida. Mwishoni mwa mkutano andika jambo moja utakalobadilisha, na mkutano unaofuata uanze na jambo hilo.

Hatua ya tano: omba ripoti zako zisomwe bila picha

Mpe mlezi ripoti kumi bila picha zake, umwombe asome kama daktari wa kliniki aliye na wagonjwa wengi na muda mfupi. Je, hitimisho linajibu swali lililoulizwa? Je, jambo la hatari limetangulia, au limezikwa chini ya maelezo ya figo zilizo salama? Maneno ya kujikinga kama "haiwezekani kuondoa uwezekano wa" yatumike pale tu ambapo shaka ni ya kweli, na yafuatwe na pendekezo la uchunguzi utakaoiondoa.

Ambapo upo mfumo unaokubalika, utumie kama ulivyo. Kundi la 3 la BI-RADS, mfumo wa kuainisha matokeo ya picha za matiti, lina maana mahususi, kwamba uwezekano wa saratani hauzidi asilimia 2 na ufuatiliaji wa muda mfupi unafaa. Si mahali pa kuhifadhia wasiwasi wa msomaji. Mapendekezo ya mwaka 2017 ya Fleischner, jumuiya ya wataalamu wa picha za kifua, kuhusu vinundu vya mapafu vinavyoonekana kwa bahati hayataki ufuatiliaji wa kawaida kwa kinundu kigumu kimoja kilicho chini ya milimita 6 kwa mtu mwenye hatari ndogo ya saratani, lakini hayawahusu wenye saratani wala wenye kinga dhaifu. Daktari chipukizi huyajua makadirio haya kwa moyo, kisha akasahau yanamhusu nani, na hapo ndipo mlezi anapohitajika.

Kubalianeni pia juu ya simu. Damu inayovuja ndani ya fuvu, hewa iliyonaswa kifuani ikiubana moyo, korodani iliyojisokota: haya hayasubiri ripoti kufunguliwa. Piga simu, kisha andika katika ripoti ulizungumza na nani na saa ngapi.

Hatua ya sita: amua ubingwa bobezi kwa kuangalia siku ya kawaida

Wengi huchagua tawi kwa sababu ya visa vya kuvutia walivyoonyeshwa darasani. Kisa cha kuvutia huja mara chache. Kinachojaza siku ni kile cha kawaida. Mwombe mlezi akuunganishe na bingwa wa tawi unalolifikiria, ukae naye wiki nzima, pamoja na usiku wa zamu.

Radiolojia ya matibabu, ambayo daktari hupitisha sindano na mirija mwilini akiongozwa na picha, ina furaha ya kuona mgonjwa akipona mikononi mwako, lakini ina aproni nzito ya madini ya risasi inayozuia mionzi, simu za usiku, na mionzi yenyewe. Tume ya kimataifa ya kinga dhidi ya mionzi, ICRP, inapendekeza kikomo cha milisiveti (kizio cha kipimo cha mionzi) 20 kwa mwaka kwa wafanyakazi, kwa wastani wa miaka mitano, na mwaka 2011 ilishusha kikomo cha lenzi ya jicho kutoka 150 hadi 20. Muulize bingwa huyo kama huvaa kipima mionzi chake kila siku. Jibu litakueleza mengi kuhusu idara yake. Radiolojia ya matiti ina mazungumzo mengi na wagonjwa wenye hofu, na si kila aliyekimbilia chumba chenye giza ili awe mbali na watu atayaweza. Radiolojia ya watoto inadai subira na nidhamu ya kipimo cha mionzi. Kubaki daktari wa radiolojia ya jumla nako ni uchaguzi kamili, wala si kushindwa kuchagua.

Wengine huuliza kama fani yenyewe itaendelea kuwapo. Mwaka 2016 Geoffrey Hinton, mwanasayansi maarufu wa akili mnemba, alisema kwamba ulimwengu uache kuwafunza madaktari wa radiolojia kwa kuwa ndani ya miaka mitano mashine ingewapita. Miaka hiyo ilipita, na nchi nyingi bado zina uhaba wao. Hilo halimaanishi kwamba programu hizo ni za kupuuzwa. Jifunze zinakosea wapi, kwa maana atakayejua hilo ndiye atakayehitajika, lakini usichague tawi kwa kukimbia hofu ambayo hakuna mlezi anayeweza kuithibitisha.

Hatua ya saba: peleka mkataba wa kwanza kwa mlezi kabla ya kutia sahihi

Hapa mwenzako aliyetangulia kidogo hufaa kuliko profesa. Ulizeni pamoja: zamu moja ina uchunguzi wa aina gani na mwingi kiasi gani, nani atapitia kisa kigumu nawe saa nane za usiku, je, muda wa vikao vya pamoja na wapasuaji na wataalamu wa saratani umehesabiwa kuwa kazi, au ni hisani yako, je, bima ya dhima ya kitaaluma inaendelea kukulinda kwa ripoti za zamani baada ya kuondoka. Kwa kazi ya kusoma picha kutoka mbali, hakikisha kuhusu leseni ya mahali alipo mgonjwa, si mahali ulipo wewe tu. Mshahara uje baada ya maswali haya.

Hatua ya nane: katika utafiti, kubalianeni majina mapema

Anza na ukaguzi mdogo wa kazi ya idara yako, kisha ripoti ya kisa kimoja chenye idhini ya mgonjwa. ICMJE, kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya kitabibu, ina masharti manne kwa anayeitwa mwandishi: kuchangia kazi kwa dhati, kuandika au kuhakiki maandishi, kuidhinisha toleo la mwisho, na kukubali kuwajibika kwa kazi nzima. Mlezi asiyetimiza masharti hayo hutajwa katika shukrani. Kulisema hilo siku ya kwanza kunatia haya kidogo. Kulisema baada ya makala kukamilika huvunja uhusiano.

Hatua ya tisa: siku ya kosa zito, mpigie mlezi siku hiyohiyo

Mficha maradhi kifo humuumbua, na katika kazi hii kifo kinaweza kuwa cha mgonjwa. Mpangilio uwe huu: kwanza mjulishe daktari anayemtibu mgonjwa; pili, andika nyongeza ya ripoti yenye tarehe na saa, bila kufuta ya awali; tatu, fuata utaratibu wa taasisi wa kuripoti matukio; kisha mpigie mlezi. Kazi ya mlezi saa hiyo si kukutetea wala kukuhukumu. Ni kukaa nawe, kukusaidia kutenganisha kilichoonekana wazi siku ile na kinachoonekana wazi leo baada ya majibu kujulikana, na kukuzuia usianze kuandika ripoti za woga, zinazopendekeza MRI kwa kila kivuli.

Hatua ya kumi: ulezi unapokwisha, na unapoanza kulea wewe

Kila mwaka ulizaneni kama bado mnafaana. Mikutano inayoahirishwa mara tatu mfululizo imeshajibu swali hilo. Mshukuru mlezi kwa maandishi, ukitaja jambo moja mahususi lililobadilika katika ripoti zako, na uache mlango wazi. Mlezi anayechukua kazi yako, anayekuzuia kuomba nafasi kwingine, au anayetaka siri zako kwa bei ya msaada, achana naye haraka, na uwaeleze walezi wako wengine ili usibaki peke yako.

Usisubiri kuwa mkongwe ndipo uanze kulea. Mwaka wako wa pili wa kazi unatosha kumsaidia aliye mwaka wa kwanza wa mafunzo. Anapokuletea kisa, usiiangalie skrini kwanza. Mwache akueleze anachoona hadi mwisho, pamoja na kiwango chake cha uhakika, ndipo uigeuze skrini upande wako.